Simbamwene: binti wa Kisabengo, na mama yake ni nani?

Morogoro inamjua mwanzilishi wake kwa jina. Ni Kisabengo, Mzigua aliyefika na wafuasi wake ukingoni mwa Mto Ngerengere katikati ya karne ya 19, akajenga ngome chini ya milima ya Uluguru, akazitoza hongo safari za kwenda na kutoka bara, kisha akafa na kumwachia mji binti yake, Simbamwene. Wasafiri waliandika habari zake, wazee wanazisimulia, na kata ya Kingo, katikati ya manispaa, inabeba jina la mtawala wa baadaye wa nyumba hiyohiyo.

Ila ukitaka kuuchora mti wa ukoo huu kalamu inakwama mapema. Simbamwene ana baba anayejulikana mpaka Ulaya, lakini mama hatajwi. Wazungu waliopita katika mji wake na kuacha vitabu vinavyosomwa hadi leo walihesabu minara, wakapima kuta, wakaeleza milango ilivyochongwa. Aliyemzaa mwanamke aliyewapokea hawakumuulizia.

Pengine pengo hilo lisingekuwa kubwa mahali pengine. Kwa Waluguru, Wakami, Wakutu na Wazigua, ukoo hufuata mama. Mtoto ni wa mama, wa bibi mzaa mama, wa mjomba. Baba anaheshimiwa na jina lake linatajwa, ila ardhi, makaburi na tambiko viko upande wa tumbo. Kwa kipimo hicho, malkia wa Morogoro ameandikwa nusu tu, na nusu iliyokosekana ndiyo ambayo wenyeji wangeanza nayo.

Mji wa mawe na mfereji wake

Henry Morton Stanley alifika hapo Aprili 1871, akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Mji ulimshangaza. Ulizungushiwa ukuta wa mawe wenye mnara katika kila pembe, na malango manne ya mbao ngumu zilizonakshiwa kwa mtindo wa Waarabu wa pwani. Alikadiria nyumba kama 1,000 na watu kati ya 3,000 na 5,000. Mwenye mji alikuwa mwanamke, na mwanamke huyo alituma watu wake kambini kudai hongo. Stanley akajibu kwamba kundi lake lililotangulia lilikwisha kulipa.

Kuhusu Kisabengo, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki, Stanley aliandika kwamba alikuwa mtu wa nasaba duni. Nguvu za mwili, ulimi wa kuhutubia na ucheshi vilimpa sifa, hadi watumwa watoro wakamfanya kiongozi wao. Akaukimbia mkono wa Sultani wa Zanzibar, akaingia Ukami, akawafukuza wenyeji na kujenga ngome. Jina la Simbamwene, kwa maelezo hayo, lilikuwa la mji kwanza. Uzeeni akajiita yeye kwa jina hilo, kisha akamrithisha binti yake mkubwa.

Mwaka uliofuata Stanley alirudi kwa njia hiyohiyo na kukuta mafuriko yameusomba ukuta wa mbele pamoja na nyumba nyingi. Mfereji ambao Kisabengo aliuchimba enzi za uhai wake, ili kuvuta maji ya Ngerengere hadi karibu na mji, ndio uliouleta mto ndani. Simbamwene alikuwa amekimbia. Mwingereza Verney Lovett Cameron alipopita mwaka 1873, aliona mamlaka ya binti huyo yamepungua sana kuliko ya baba yake.

Hapo mtafiti anakumbana na tatizo lake la kwanza. Simbamwene ni baba, ni binti na ni mji. Barua inayosema Simbamwene amepigwa, au Simbamwene ameanguka, inazungumza habari za nani? Juu ya hayo kila mwandishi ana tahajia yake. Stanley anaandika Simbamwenni, Cameron anaandika Simbaweni. Mfaransa huandika “ou” pale tunapoandika “u”, na Mjerumani huandika “sch” pale tunapoandika “sh”. Anayemtafuta babu kwa tahajia ya kitambulisho cha leo atampita mara kadhaa katika ukurasa uleule bila kumtambua.

Msimuliaji naye ana siri yake

Tatizo la pili ni chanzo cha habari. Stanley hakumkuta Kisabengo hai. Aliyoandika aliyasikia kwa watu wa safari: wapagazi, askari waungwana, wafanyabiashara wa pwani. Hao ndio waliotozwa hongo pale malangoni, na anayetozwa hawezi kutarajiwa kumsifu mtoza. Neno “nasaba duni” likitoka kinywani mwa mdeni aliyekasirika, linafaa kusomwa kwa tahadhari.

Lipo jambo jingine, na linachekesha kwa uchungu. Mtu aliyemwandikia Kisabengo nasaba duni alikuwa akiificha nasaba yake mwenyewe. Alizaliwa Januari 1841 Denbigh, Wales, na mama yake, Elizabeth Parry, alikuwa hajaolewa. Daftari la kanisa lilimwandika John Rowlands, likaongeza neno la kumtangaza kuwa mtoto wa nje ya ndoa. Ubaba wake ulibaki gumzo. Jina la mtu fulani lilinong’onwa mjini. Alikulia katika nyumba ya maskini ya St Asaph, akafika New Orleans mwaka 1859, akajitwalia jina la mfanyabiashara aliyeitwa Henry Hope Stanley, na kwa miaka mingi akajitambulisha kuwa Mmarekani.

Waweke wawili hao pamoja. Simbamwene ana baba asiye na shaka, mama hatajwi. Stanley ana mama asiye na shaka, baba ana utata. Kwa hesabu ya Denbigh ya wakati ule, Stanley ndiye mwenye aibu. Kwa hesabu ya Uluguru, Stanley hana kasoro yoyote: mama anajulikana, bibi anajulikana, wajomba wapo, mtoto ana kwao. Mwenye shida ni binti wa Kisabengo. Mzazi “asiyejulikana”, kumbe, hutegemea pia swali ambalo jamii imezoea kuuliza. Karatasi nyingi tulizorithi ziliandikwa na watu waliozoea kuuliza habari za baba.

Urithi ni ushahidi

Pamoja na hayo, kuna mahali ukimya huo unavuja. Waluguru huuita ukoo lukolo, na tawi lake, watoto wa bibi mmoja, tombo. Mwanamume akifa, cheo chake humwendea ndugu wa tumbo moja au mpwa, yaani mtoto wa dada yake. Mtoto wake wa kumzaa ni wa ukoo mwingine, ukoo wa mkewe. Wazigua nao ni watu wa ukoo wa mama.

Kisabengo, Mzigua, alimrithisha binti yake. Kwa desturi ya kwao, mpwa angekuja kudai. Wako wapi wapwa? Dada zake walikuwa wapi? Jibu lililo karibu zaidi ni kwamba hawakuwapo. Mtoro anayeongoza watoro wengine huwa ameuacha ukoo wake nyuma, au ukoo wenyewe ulikuwa umemwacha. Urithi wa Simbamwene, jambo ambalo wasafiri waliliona kama ajabu ya mwanamke kutawala, huenda ndio ushahidi bora tulio nao wa asili ya baba yake: mtu asiye na wajomba wala wapwa karibu, mwenye watoto tu.

Hoja hiyo inatufikisha kwa mama. Katika jamii za ukoo wa mama, mwanamume aliyetaka watoto wabaki upande wake alikuwa na njia moja iliyojulikana: kuoa mwanamke aliyetekwa, kununuliwa au kuwekwa rehani. Mke wa namna hiyo hakuwa na kaka wa kuja kuwadai watoto. Mwanaanthropolojia Mary Douglas alilieleza hilo mwaka 1964 alipochunguza desturi ya kuweka watu rehani katika jamii za ukoo wa mama za Afrika ya Kati. Ngome ya Kisabengo ilikaa juu ya njia ya watumwa kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na wanawake wasio na kwao walipitishwa hapo. Kusema mama yake Simbamwene alikuwa mmoja wao ni kukisia, na kukisia kusiandikwe kama habari. Hata hivyo ni makisio yanayoeleza mambo mawili kwa pamoja: kwa nini binti alirithi, na kwa nini mama hatajwi.

Madaftari ya misheni

Familia nyingi za Morogoro zina Simbamwene wao, bibi au babu ambaye simulizi inaishia kwake ghafla. “Alikuja na mapadri.” “Alitoka huko juu.” “Aliletwa akiwa mdogo.” Kauli hizo fupi zina historia ndani yake, na sehemu ya historia hiyo imeandikwa.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Walipokea na kuwakomboa watoto watumwa, wakawalea, wakawafundisha kazi, wakawaoza wao kwa wao. Zanzibar ilifunga soko lake la watumwa mwaka 1873, lakini biashara haikukoma siku hiyo. Wenzi kutoka Bagamoyo wakawa mbegu ya vituo vya bara: Mhonda mwaka 1877, Mandera 1881, Morogoro 1882 enzi za Kingo, Tununguo 1884, na Matombo, upande wa mashariki wa milima, mwaka 1897. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, madaftari ya ubatizo yalikuwa na zaidi ya miaka 20 ya majina.

Madaftari hayo yana thamani kubwa, ila yana lugha yake, na si Kilatini pekee. Mtoto aliyekombolewa huandikwa kwa jina la ubatizo, tarehe, msimamizi na padri. Kwenye nafasi ya wazazi utakuta kwamba hawajulikani au si Wakristo. Majina ya ubatizo yanajirudia hadi yanachosha. Yule Maria wa kwenu ni mmoja kati ya Maria wengi. Hapo msimamizi wa ubatizo ndiye wa kufuatwa: mtu aliyewasimamia watoto kadhaa wa nyumba moja huwa anajulikana nao kwa namna fulani, na jina lake huonyesha njia kuliko la mtoto mwenyewe.

Kifungu kimoja kinahitaji uangalifu wa pekee. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliagiza kwamba kwa mtoto wa nje ya ndoa, jina la mama liandikwe kama umama wake unajulikana hadharani au yeye mwenyewe ameomba. Jina la baba liliandikwa tu ikiwa mwenyewe amejitokeza na kukiri, au hati rasmi inamthibitisha. Vinginevyo paliandikwa kwamba baba hajulikani. Lakini ndoa aliyoitambua padri ilikuwa ya kanisani. Mwanamume aliyeposa, akatoa mali, akakubaliwa na wajomba wa binti na kulima shamba la wakwe zake, angeweza kujulikana na kijiji kizima na bado akawa “hajulikani” daftarini. Ukisoma neno hilo usikimbilie kuona fumbo. Fungua kwanza madaftari ya ndoa ya miaka iliyofuata, kwani wapo waliofunga ndoa kanisani baada ya watoto kukua. Sheria hizohizo ziliagiza ndoa inukuliwe pembeni ya kumbukumbu ya ubatizo, kwa hiyo soma na maandishi ya pembezoni, hata yakiwa yamefifia.

Upande wa serikali kuna Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zinazohifadhi majalada ya utawala wa Wajerumani na wa Waingereza. Wajerumani hawakufuta utumwa kwa siku moja. Walitoa hati za uhuru kwa mtu mmojammoja, na kwa amri ya mwaka 1904 wakatangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Babu aliyezaliwa 1904 na mdogo wake aliyezaliwa 1906, tumbo moja, nyumba moja, walikuwa watu wa hadhi mbili. Ukisikia katika simulizi kwamba ndugu wawili walitendewa tofauti bila sababu, angalia miaka yao.

Jina lisilokufa

Ukipanda milimani, kuelekea Kinole, unakutana na mtego wa namna nyingine. Kinole ndiyo makao ya Kingalu, mwenye mvua, ambaye sifa zake zilivuka mipaka ya Uluguru. Kingalu ni cheo na ni jina. Anayerithi hurithi yote mawili, na anaweza kusimulia mambo ya watangulizi wake kana kwamba aliyafanya kwa mikono yake. Ili kuwatofautisha, jina la pili huongezwa, kama katika Kingalu Mwanabanzi.

Desturi ya kurithi jina la marehemu haikuwa ya wakuu peke yao. Mtu hurithishwa jina, akachukua nafasi ya aliyekufa ndani ya ukoo pamoja na wajibu wake kwa watoto walioachwa. Anayechora mti wa ukoo asijue hilo atampata babu aliyeishi miaka 120, mwenye watoto waliopishana miaka 60. Wazee hawakumdanganya. Wamemtajia nafasi moja iliyokaliwa na watu watatu, naye ameandika mtu mmoja.

Namna ya kuuliza, basi, ni sehemu ya kazi. Vijana wengi wanaotoka mjini hufika na swali la fomu.

“Shikamoo bibi. Baba yake babu alikuwa anaitwa nani?”

“Marahaba mjukuu wangu. Hatumjui huyo.”

Swali limekufa papo hapo. Mwingine angemwuliza: “Bibi, sisi ni wa lukolo gani? Tombo letu lilianza na nani? Alipofika hapa alikaribishwa na nani, akapewa kulima wapi? Kaburi lake mnalifagia ninyi au linafagiwa na wengine?” Maswali hayo yanafuata njia ambayo kumbukumbu yenyewe ilihifadhiwa. Mwanamke asiyejulikana alikotoka anaweza kujulikana vizuri alikokaribishwa, na ukoo uliomkaribisha mara nyingi ndio uliowapa watoto wake jina la ukoo.

Halafu waulize watani. Katika misiba ya Uluguru, kama kwingine nchini, mtani ana ruhusa ya kusema mbele ya watu jambo ambalo ndugu hawezi kulitamka hata chumbani. Mtani ndiye atakayecheka mbele ya jeneza kwamba bibi yenu alinunuliwa kwa kaniki mbili. Ni utani, na baadhi ya utani ni historia iliyokosa mahali pengine pa kukaa.

Vinasaba vinafika wapi

Siku hizi kuna anayesema, “Tupime DNA tumalize ubishi.” Nchini kipimo hicho kinasimamiwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na maabara inayofahamika ni ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa kesi ya mtoto na baba walio hai, kipimo ni jibu. Kwa babu wa karne ya 19, hakitoi jina, mwaka wala kijiji.

Lakini kuna aina ya vinasaba ambayo kila mtu huipata kwa mama yake tu, mama naye kwa mama yake, hivyo hivyo hadi nyuma kabisa. Hiyo ni njia ileile ya lukolo. Watu wawili wanaodai kuwa tombo moja, mwanamke kwa mwanamke hadi bibi mwanzilishi, wanapaswa kufanana kwa vinasaba hivyo. Wasipofanana, mahali fulani katikati aliingia mwanamke wa kuja, au mtoto wa kulea, na ukoo ukamfanya wake.

Hapo ndipo utafiti wa nasaba unapoacha kuwa burudani ya Jumapili. Milimani ardhi ni ya ukoo, na imekuwa chungu tangu zamani. Mradi wa matuta wa Waingereza ulizua ghasia Matombo mwaka 1955. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeleta hati za hakimiliki za kimila, na kila anayeomba hati huleta na historia ya shamba lake. Ukigundua kwamba bibi wa bibi yako aliletwa kama mateka, umegundua habari yako, na pia habari ya binamu 40 wanaolima mteremko uleule kwa haki waliyoachiwa na huyohuyo. Yupo jirani anayeisubiri habari hiyo ili aseme, “Ninyi si wa hapa.”

Walioishi na siri hizo walikuwa na jibu, nalo ni la kisheria kuliko la huruma: mwanamke aliyekaribishwa, akapewa ukoo, akazaa, akazikwa katika ardhi ya ukoo na kutambikiwa, ni wa ukoo. Kutoka nje hakukumfanya wa nje milele. Wakuu wa ukoo, wandewa, ndio waliolinda uamuzi huo, na wengine bado wanakumbuka ulivyofanyika.

Kwa hiyo andika ulichokipata, pamoja na pale kilipotoka. Makisio yaitwe makisio. Nafasi ya mama ikiwa wazi, iache wazi, usimpachike baba ili ukurasa upendeze. Na jina la bibi aliyepotea likipatikana, lipeleke kwanza kwa wandewa na wazee wa tombo lenu, walisikie na walijadili, kabla hujalitaja mbele ya baraza la ardhi.